Mguu ni wa mtoto: niliyowaambia wazazi kuhusu oparesheni ya kuzuia urefu

Hii hotuba niliitoa Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi wa jumuiya yetu hapa Rotterdam. Wengi mmeniandikia kwamba mlikuwa zamu au mlikosa wa kumwachia watoto, basi nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wakubwa wote shikamooni. Wadogo zangu hamjambo. Nawashukuru waliopika, nawashukuru waliopanga viti, na nawashukuru vijana mlioacha simu zenu mkaja kukaa na sisi, kwa sababu leo tunawazungumzia nyinyi na mi sipendi kumzungumzia mtu ambaye hayupo.

Wengi mnanijua, mi mtoto wa Tanga, ni nesi wa chumba cha upasuaji upande wa mifupa, mwaka wa kumi na saba huu. Na urefu wangu ni mita moja na sentimita 86. Darasa la tano waliniita ngongoti, la saba nikawa mlingoti, mwalimu akitupanga mstarini mi mwisho kabisa nyuma ya wavulana. Bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa ananipenda kuliko wajukuu wote, na ndiye aliyeniambia, mwanangu inama kidogo, nani atakuoa? Nikajifunza kuinama. Nilikuwa na miaka kumi na mbili nikajifunza kuinama, na mgongo wangu haujasahau mpaka leo.

Mwezi uliopita saa nne usiku mama mmoja wa hapa hapa kwetu akanipigia. Binti yake ana miaka 12, ana sentimita 176. Kuna mtu kamwambia kuna oparesheni ya magoti, ukifanyiwa unaacha kurefuka. Akaniuliza, dada, hiyo naipataje haraka? Nikamuuliza, binti anasemaje? Kimya. Nikadhani simu imekata. Halafu akasema, sijamuuliza.

Jamani, hiyo "sijamuuliza" ndo imenisimamisha hapa.

Tuanze na jambo ambalo ningetaka kila mzazi aondoke nalo hata kama atasinzia baadaye. Kabla hujauliza atazuiwaje kurefuka, uliza kwa nini anarefuka. Watoto wengi warefu ni wazima kabisa, wamerithi tu. Kuna hesabu ya haraka madaktari wanaitumia: jumlisha urefu wa baba na wa mama, kama ni mvulana ongeza sentimita 13, kama ni msichana toa 13, halafu gawa kwa mbili. Utapata pale anapoelekea, na sentimita kadhaa juu au chini ni kawaida. Mtoto akiwa yuko kwenye hesabu hiyo, amekurithi, mshukuru Mungu. Akiwa amepita mbali, au ghafla ameanza kukimbia urefu wakati wenzake hawajabalehe, hapo lazima aonwe na daktari wa homoni wa watoto.

Nyinyi mlio mbele nisaidieni. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, halafu funga vidole vingine juu yake. Ukucha wa gumba umetokeza wote upande wa pili? Sasa shika kifundo cha mkono wako mwingine kwa gumba na kidole kidogo, vinapishana kiasi gani? Kama gumba linafunika ukucha mzima wa kidole kidogo, na la kwanza nalo limetokea, usiogope, huo siyo ugonjwa, ni sababu ya kwenda kuuliza. Mnyooshe mtoto mikono pembeni umpime ncha mpaka ncha, kama mikono imezidi urefu wake kwa mbali, kifua kimebonyea au kimechongoka, macho hayaoni mbali, muulize daktari kuhusu Marfan.

Marfan ni jina la daktari wa Paris aliyeandika kuhusu mtoto wa kike wa miaka mitano mwaka 1896, mwenye vidole virefu vyembamba. Ni hitilafu ya kurithi kwenye zile nyuzi zinazoshikilia mwili, na inampata karibu mtu mmoja kati ya 5,000. Urefu tunauona sote. Kisichoonekana ni ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, unatanuka polepole mpaka siku unachanika.

Kulikuwa na dada mmoja Mmarekani anaitwa Flo Hyman. Sentimita 196. Alikuwa mpiga voliboli wa kuogopwa dunia nzima, alirudi na medali ya fedha Olimpiki ya Los Angeles 1984. Tarehe 24 Januari 1986 alikuwa anacheza ligi ya Japani, mji wa Matsue, akatolewa uwanjani kupumzika, akakaa benchi, akaanguka. Miaka 31. Walimpima wangapi maishani mwake? Wangapi walimpima urefu wakafurahi? Ule mshipa ndo uliochanika, na Marfan ikajulikana ameshafariki. Ndugu yake wa kiume akapelekwa kupimwa, akakutwa nayo, akawahiwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia twende tukamzuie urefu na mtoto hajawahi kufanyiwa eko, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwenye skrini, wakati dalili anazo, mwambie asubiri. Yapo mengine pia, kuna uvimbe kwenye kitezi cha kichwani kinachotoa homoni ya kukua, kama yule bwana wa Uturuki, Sultan Kösen, mwenye sentimita 251, ambaye alitibiwa uvimbe kwa mionzi Marekani mwaka 2010. Huyo tatizo lake lilikuwa kichwani, na magoti yake ungeyafanya nini? Kuna wavulana wenye kromosomu moja ya ziada, nao miguu inakuwa mirefu. Hayo niachieni, daktari atayaangalia, nyinyi kazi yenu ni kumfikisha.

Haya. Tuseme mtoto mzima, moyo mzima, homoni sawa, ni mrefu tu na anaendelea. Hiyo oparesheni yenyewe ni kitu gani?

Sisi wa pwani tunaujua mnazi. Mnazi unakulia pale juu tu kwenye moyo wake. Moyo ukiliwa na mdudu, mnazi unaweza kusimama mwaka mzima unaonekana mnazi lakini haupandi tena hata kidole. Mfupa wa mtoto nao una mahali pake pa kukulia, siyo katikati, ni karibu na ncha, kuna gegedu laini pale. Na mguu wa binadamu sehemu kubwa ya kukua kwake, kama theluthi mbili, iko kwenye goti, yaani ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi. Ndo maana wanakwenda gotini.

Mtoto anapewa nusu kaputi, analala kabisa. Daktari anachana kidogo, sentimita moja au mbili, pembeni mwa goti, anaingiza kekee nyembamba huku anaangalia kwa eksirei kwenye skrini, anaitoboa ile gegedu na kuikwangua mpaka isiweze kukua tena, paja na muundi, magoti yote mawili. Mi nasimama pale nashika vifaa. Haichukui muda mrefu. Wengine wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, wanatembea na magongo siku kadhaa, michezo wiki sita au nane hakuna. Ukiangalia kovu utasema hiki ni kitu kidogo.

Ni kitu kidogo ambacho hakirudi nyuma. Nasema tena polepole. Hakirudi nyuma. Gegedu ikishauawa hakuna dawa ya kuifufua.

Na wala haikuanzia kwa watoto warefu. Daktari Phemister wa Chicago aliiandika mwaka 1933 kwa ajili ya watoto wenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, polio enzi zile ilikuwa inaacha watoto wengi hivyo, basi ule mguu mrefu unasimamishwa ili mfupi uufikie. Kuna ugonjwa, kuna mtoto anayechechemea, sababu inaonekana kwa macho. Kwa mtoto mrefu tunachokigusa ni mfupa mzima usio na kosa lolote. Sisemi isifanyike. Nasema tujue tunagusa nini.

Kuna kijana wetu yuko hapa ukumbini, ameniruhusu niseme ila jina nisitaje. Makadirio ya urefu atakaoishia ukubwani yalikuwa mita mbili na sentimita 13. Alitaka mwenyewe, akapambana na baba yake miezi minne ili akubaliwe. Akafanyiwa. Goti moja upande wa nje ile gegedu haikufungika sawasawa, upande mmoja umesimama upande mwingine unakua, goti likaanza kupinda. Ikabidi arudi mezani mara ya pili. Hilo linajulikana kabisa, limo kwenye orodha ya hatari pamoja na usaha, damu kuvilia gotini, maumivu, na miguu kutolingana, na ndo maana ukishafanyiwa unapigwa eksirei mpaka waone pamefungika. Leo ana mita mbili na sentimita tano, goti limenyooka. Nilimuuliza juzi, unajuta? Akasema, hapana shangazi, sijuti, ila nilidhani nitakuwa mdogo zaidi ya hivi, na hakuna aliyeniambia kwamba mgongo utaendelea, nikikaa bado mi ndo mrefu kuliko wote. Shikeni hilo. Uti wa mgongo haujaguswa, unaendelea kukua. Kinachopunguzwa ni miguu, na siyo urefu wote, ni sehemu tu ya ule uliobaki, mara nyingi ni sentimita chache, tano, sita, saba, inategemea ulimuwahi lini.

Na hapo ndo kuna mtego wa saa. Ukichelewa hakuna kilichobaki cha kuzuia. Msichana akishavunja ungo mara nyingi amebakiza sentimita tano mpaka saba hivi, sasa utamtoboa magoti upate nini, mbili? Ukiwahi sana unaweza kumkata zaidi ya ulivyotaka, na makadirio yenyewe yanakuwa hayajatulia. Wanachofanya ni kupiga eksirei mkono wa kushoto, wanaangalia mifupa ya kiganja na kifundo, wanailinganisha na kitabu cha picha cha Greulich na Pyle ambacho picha zake ni za watoto wa Cleveland huko Marekani, za zaidi ya miaka themanini nyuma, wanasema mfupa wa mtoto huyu una umri fulani, hata kama keki yake ya bethidei inasema vingine. Umri wa mfupa ukiwa karibu 12 kwa wasichana, 13 au 14 kwa wavulana, ndo wanazungumza kisu. Na hapa Uholanzi, nchi ambayo kijana wa kiume wa miaka 19 wastani wake ni kama sentimita 183 na wa kike 169, hawakufungulii hata mazungumzo mpaka makadirio ya mvulana yawe yamepita mita mbili. Mama wa Tanga au wa Bukavu anamwona mwanawe ni mnara, daktari wa hapa anamwona ni kijana wa kawaida.

Makadirio yanakosea. Nitarudi kwa hilo kwa sababu limenigusa nyumbani kwangu.

Kwanza niwasimulie habari ya wasichana wa Australia, naomba akina mama mnisikilize sana hapa.

Kuanzia mwisho wa miaka ya hamsini, Australia, Marekani, na hapa Ulaya pia, wasichana warefu walikuwa wanapewa homoni ya kike kwa dozi kubwa ili mifupa ifunge haraka. Melbourne kulikuwa na daktari maarufu wa kazi hiyo, Norman Wettenhall. Mwanzo walitumia dawa moja inaitwa stilbestroli, baadaye nyingine, mikrogramu 150 kwa siku na kuendelea, wakati kidonge cha uzazi wa mpango cha leo kina kama 20 mpaka 35. Kila siku, miaka. Na wasichana hao waliumwa nini? Hawakuumwa kitu. Mama zao walikuwa na hofu ile ile ya bibi yangu. Nani atamuoa. Nguo atapata wapi. Hofu ya mapenzi kabisa, jamani, hakuna mama pale aliyekuwa anamchukia mwanawe.

Mwaka 2004 jarida la madaktari la Uingereza, Lancet, likatoa utafiti uliowafuatilia wanawake wa Australia waliopimwa urefu utotoni kati ya 1959 na 1993. Waliomeza zile homoni, walipotafuta mimba ya kwanza, uwezekano wa kushika mimba kila mwezi ulikuwa pungufu kwa asilimia 40 ukilinganisha na warefu wenzao ambao hawakumeza. Mnaliona hilo? Waliogopa hataolewa, wakampa dawa, akaolewa, mtoto akawa hapatikani. Miaka ishirini, thelathini baadaye. Waliomeza wakiwa na miaka 12 ndo waliolipa, na wengi wao hawakuulizwa.

Wavulana nao walichomwa sindano za homoni ya kiume. Na madaktari walipoona hayo ya uzazi ndo wengi wakaiacha homoni na kuhamia kwenye magoti, kwa sababu goti haligusi kizazi. Ni kweli haligusi, na kwa hilo mi naiona oparesheni ni bora kuliko vidonge, sitawaficha. Ila sababu zinazotupeleka pale ni zile zile za 1960. Nani atamuoa. Watamcheka. Ndo maana nataka tuziangalie usoni.

Sasa nije kwangu.

Mwanangu wa kwanza alipofika miaka 12 alikuwa na sentimita 172. Mi nikaona mlingoti mwingine. Sikumwambia mtu, nikaomba rufaa kwa daktari wa familia, nikampeleka, akapigwa eksirei ya mkono, makadirio mita mbili na sentimita sita. Nikamwambia daktari, tunataka oparesheni. Nilisema "tunataka". Mi nesi, miaka kumi nimesimama kwenye hiyo meza, najua kila kitu, sheria naijua, kwamba hapa mtoto wa miaka 12 mpaka 15 lazima akubali pamoja na wazazi wake, na akifika 16 anaamua mwenyewe. Nayajua yote na nikasema tunataka.

Yule daktari, mama wa makamo, akageuza kiti chake. Akanipa bega, akamtazama mtoto, akamuuliza, na wewe?

Mwanangu akaangalia viatu vyake. Akasema, mimi sijui, mama ndo anataka, kwa sababu yeye walimcheka.

Nilikuwa sijawahi kumwambia kwamba walinicheka. Sijui alijulia wapi. Labda alinisikia nikiongea na dada yangu kwenye simu, labda aliona ninavyosimama kwenye picha, kila picha ya familia nimekunja goti moja niwe sawa na wengine. Nililia kwenye treni mpaka nyumbani na yeye ndo alinishika mkono.

Tukasubiri. Mwaka mmoja baadaye eksirei nyingine, mfupa ulikuwa umekwenda mbele kuliko tulivyodhani, makadirio yakashuka mpaka mita mbili na sentimita moja. Leo ana miaka 19, ana mita mbili na sentimita mbili, ukimwita anakuja amenyooka. Ningemtoboa magoti kwa sababu ya namba ambayo haikuwa yake, na hofu ambayo haikuwa yake.

Sasa msinielewe vibaya. Yupo mtoto ambaye anateseka kweli, ambaye amesema mwenyewe, siyo siku moja ya hasira, amesema leo na amesema baada ya miezi sita, ameonyeshwa kovu, ameambiwa kuhusu goti kupinda, ameambiwa mgongo hauguswi, na bado anasema nataka. Huyo msikilizeni. Kijana wetu niliyemtaja alikuwa huyo, na baba yake alifanya vizuri kukubali, na mzee namwona pale, nakuheshimu kwa hilo.

Na upande mwingine, naomba tuache kumwambia kila mtoto mrefu kwamba atakuwa Hasheem. Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, mita mbili na sentimita 21, alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa wachezaji wote wapya NBA. Ni fahari yetu. Lakini mtoto wako anaweza kuwa mrefu na anapenda kuchora, au kutengeneza baiskeli, au hajui anapenda nini. Urefu siyo deni kwamba lazima aulipe kwa mpira. Hilo nalo linawachosha, waulizeni.

Na majina. Twiga, ngongoti, mnara, nguzo ya umeme. Wajomba mnapenda sana haya kwenye harusi zetu. Mtoto anacheka kwa sababu ya heshima. Mi nilicheka miaka mingi.

Namalizia na yule binti wa sentimita 176. Mama yake ameniruhusu, na yeye mwenyewe ameniruhusu, yuko pale kwenye mlango wa jikoni na wenzake. Baada ya ile simu mama yake alikwenda chumbani kwake akakaa kitandani akamuuliza, mwanangu, urefu wako unakusumbua? Binti akafikiri sana. Akasema kinachomsumbua ni viatu. Anavaa namba 43 na kila duka wanamtoa kwenye vya kike wanampeleka kwenye vya kiume, na yeye anataka vya kike, vyekundu, vya kwenda navyo Idi.

Vipimo vya daktari atakwenda, tarehe wameshapata, moyo utaangaliwa na mkono utapigwa picha. Na Jumatano mchana mi sina zamu, tunakwenda naye mjini kutafuta namba 43 nyekundu. Nani anajua duka?